Kiwanda Kikipanuliwa, Nani Anapata Kazi?

Mhadhara wa wazi, Bashay, Wilaya ya Mbulu



Mwenye kiwanda anapotangaza kwamba anapanua, hutaja mambo mawili: fedha alizoweka na idadi ya watu atakaowaajiri. Viongozi huyarudia jukwaani, redio huyarudia jioni, na kesho yake vijana wamejipanga getini wameshika vyeti ndani ya bahasha za kaki. Si kwamba idadi ile ni ya uongo kila mara. Shida yake ni kwamba haisemi kazi hizo zimekaa sehemu gani ya kiwanda, zinategemea mteja yupi, zitavuka misimu mingapi, wala ni kazi zipi za zamani zitakazokufa ili hizo mpya zipate kuzaliwa. Mimi nimekuja kuifungua idadi hiyo tuone ndani mna nini. Sababu ya kuifungulia hapa ni vitunguu saumu. Popote panapolimwa zao hili, kilio ni kimoja: tuletewe kiwanda. Nakubaliana na kilio hicho, ila nataka tukiombe kiwanda tukiwa tumekwisha kuona vya wenzetu.

Tuanze na jirani. Anayetoka Mbulu kwenda Arusha kupitia Karatu na Makuyuni, akishaipita njia ya kwenda Monduli, hufika Kisongo. Hapo ndipo palipo na majengo ya A to Z Textile Mills, kampuni iliyoanza mwaka 1966 ikishona nguo. Mwaka 2003 ilipata teknolojia kutoka Sumitomo Chemical ya Japani, kampuni iliyobuni neti iitwayo Olyset. Neti za zamani tulizichovya wenyewe katika beseni la dawa, na dawa ikatoka kwa kufuliwa. Hii dawa yake huchanganywa na plastiki kabla hata uzi haujavutwa, kwa hiyo imo ndani ya uzi wenyewe na hutoka juu kidogo kidogo kwa miaka. Wajapani hawakudai malipo ya hakimiliki, mfuko wa Acumen wa Marekani ukatoa mkopo, UNICEF wakawa wanunuzi wa mwanzo.

Kilichofuata ndicho tunachokiita upanuzi kwa maana yake kamili. Mwaka 2007 A to Z na Sumitomo walianzisha kampuni ya ubia, nusu kwa nusu, kwa jina la Vector Health International, na kiwanda kipya kikajengwa. Tarehe 18 Februari 2008 Rais George W. Bush wa Marekani alikitembelea kiwanda hicho, na wenye kumbukumbu nzuri hapa watakuwa hawajasahau jinsi Arusha ilivyofungwa barabara siku ile. Uzalishaji ulioanza na neti laki kadhaa kwa mwaka ulifika uwezo wa kutengeneza neti milioni 30 kwa mwaka, na wafanyakazi wakafikia kama 7,000, wengi wao wanawake. Kwa kaskazini yote ya nchi yetu, viwanda binafsi vilivyowahi kuajiri watu wengi namna hiyo chini ya paa moja ni vya kuhesabu.

Sasa tuingie ndani tukawatafute hao watu 7,000 wamesimama wapi. Mtambo wa kuyeyusha chembe za plastiki na kuvuta nyuzi haumtaki mtu ila mafundi wachache wenye ujuzi. Mashine za kufuma nazo mtu mmoja huangalia kadhaa kwa pamoja, akikimbilia ile iliyokatika uzi. Ukisimama hapo tu utasema kiwanda hiki hakina watu. Songa mbele hadi kwenye ukumbi wa ushonaji. Neti haina budi kukatwa, kuunganishwa pembe kwa pembe kwa cherehani, kutiwa vitanzi vya kuning'inizia, kukaguliwa kwenye mwanga ili tundu lionekane, kukunjwa, kutiwa mfukoni, kufungwa robota. Kitambaa laini kinachoteleza mashine bado hazijakiweza sawasawa; vidole vya binadamu vinakiweza. Karibu kazi zote zile zilizotangazwa zilikuwa zimekaa kwenye vidole.

Fanyeni hesabu ndogo. Neti milioni 30 ukizigawa kwa watu 7,000 unapata neti 4,000 na ushee kwa kila mmoja kwa mwaka, kuanzia meneja hadi mlinzi wa getini. Siku za kazi zikiwa 300, ni kama neti 14 kwa siku. Bidhaa inayomhitaji mtu mzima mmoja kwa neti 14 ni bidhaa yenye kazi nyingi ndani yake. Kiwanda cha saruji au cha bia hakiwezi kukupa uwiano huo hata ukikipanua mara tatu. Kwa hiyo ukiambiwa kiwanda kinapanuliwa, swali langu la kwanza ni hili: sehemu inayopanuliwa ni ile ya mtambo au ile ya vidole? Mwenye kiwanda anaweza kununua mtambo wa mabilioni na asiongeze hata mfagiaji. Majirani zetu wa Kericho, Kenya, waliona zaidi ya hapo: mashine za kuchuma chai zilipoongezeka mashambani, kazi zilipungua, na Mei 2023 hasira ikafika mahali pa kuchoma mashine moto na polisi kupambana na wananchi. Mashamba yalikuwa yaleyale na chai ilivunwa. Waliopungua ni watu.

Neti zile nani alikuwa akizinunua? Si mimi wala wewe dukani. Wanunuzi wakubwa walikuwa mashirika: Mfuko wa Dunia, UNICEF, na mpango wa malaria wa Rais wa Marekani ulioanzishwa mwaka 2005. Kampeni za kugawa neti bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano, kisha kwa kaya zote, zilizofanyika hapa nchini kati ya 2009 na 2011, zilihitaji neti kwa mamilioni. Kiwanda kilikuwa na shifti usiku na mchana. Lakini neti imetengenezwa idumu. Kaya ikishapata, hairudi kununua mwezi ujao. Kampeni ikiisha, oda hushuka mpaka kampeni nyingine ije, na hiyo nyingine hutangazwa kwa zabuni ya kimataifa ambamo Kisongo inashindana na viwanda vya Asia. Olyset hiyohiyo ilitengenezwa pia China na Vietnam. Mbu naye hakukaa kimya. Usugu dhidi ya dawa za jamii ya ile iliyomo ndani ya neti ulienea, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likapendekeza neti zilizoongezewa kiambato kingine, PBO, kwa maeneo yenye usugu huo. Msichana aliyekaa kwenye cherehani Kisongo, chumba chake cha kupanga na ada ya mdogo wake vilitegemea maamuzi ya kamati zinazokaa Geneva na Washington, na tabia ya mdudu.

Silaumu. Watoto wengi wako hai kwa sababu ya neti zile, na mishahara iliyolipwa ililipwa kweli. Ila hesabu ya ajira ina upande wa pili ambao hatuambiwi siku ya kukata utepe. Kabla ya hapo nchi hii ilikuwa na watengenezaji wa neti wanne: A to Z na Sunflag kule Arusha, pamoja na TMTL na Motex. Walikuwa wakiuza neti za kawaida kupitia maduka hadi vijijini, na mwaka 2004 serikali ilipoanza hati punguzo kwa akina mama wajawazito, biashara hiyo ilipata nguvu zaidi. Kila mwenye duka la neti na kila aliyezisambaza kwa pikipiki alikuwa na riziki yake humo. Hati punguzo ilipohamia kwenye neti zenye dawa ya kudumu mwaka 2009, A to Z ndiye aliyezitengeneza, na baadaye neti za bure zikafika mlangoni. Wale wengine watatu soko lao la neti lilikauka, na rafu za dukani zikarudi kwenye vitenge na sabuni. Mwaka huohuo wa 2009 mchumi wa Zambia, Dambisa Moyo, alitoa kitabu chake Dead Aid, akatoa mfano wa kubuni wa mtengenezaji wa neti mwenye wafanyakazi 10 ambaye msaada wa neti za bure unamfilisi. Watu walibishana sana juu ya mfano ule. Arusha ingewapa jibu lenye mkanganyiko wa kweli: msaada uleule ulimkuza mtengenezaji mmoja Mwafrika hadi akaajiri maelfu, na ukawabana wenzake. Ajira 7,000 za getini ni lazima zitolewe zile zilizopotea nje ya geti, ndipo upate jumla ya haki. Sijaona mkutano wowote wa uzinduzi ambapo kutoa huko kulifanywa.

Kuna jambo jingine la Kisongo linalotuhusu sisi wakulima kuliko yote. Chembe za plastiki zilitoka nje ya nchi, dawa ilitoka Japani. Kilichokuwa cha hapa ni vidole, umeme, maji na malori. Kiwanda kilikuwa karibu na mashamba ya watu, lakini hakikuwa na neno na shamba la mtu yeyote. Upanuzi wake haukuongeza hata ekari moja ya pamba Shinyanga. Ndiyo maana kazi zake ziliishia getini.

Twendeni upande wa pili, mahali ambapo malighafi ni yetu kabisa. Minjingu iko mkoani kwetu, Wilaya ya Babati, barabarani kabisa. Fosfeti yake iligunduliwa mwaka 1956 na watafutaji wa madini ya urani. Mgodi ulianza kazi mwaka 1983 chini ya STAMICO, shirika la madini la serikali, kwa msaada wa Wafini, ukiwa na uwezo wa kama tani 100,000 kwa mwaka, na mteja wake mkubwa akiwa kiwanda cha mbolea cha Tanga. Tanga ikafungwa mwaka 1991. Udongo wa Minjingu haukuisha wala wafanyakazi hawakuwa wavivu, mteja tu ndiye aliyeondoka. Mwaka 2001 mgodi ulibinafsishwa, baadaye wakaanza kutengeneza mbolea ya punje iliyoongezewa virutubisho, maana unga mtupu wakulima wengi hawakuupenda, wakasema unapeperuka na matokeo yake hayaonekani mwaka ule ule. Hapa sehemu ya vidole ni ndogo sana: mashine inachimba, mashine inakausha, mashine inasaga. Mbolea hiyo imewapa watu kazi zaidi mashambani ilikotumika kuliko mgodini ilikochimbwa.

Na wilaya ya Hanang? Wazee wa Basotu wanaijua hadithi hii kuliko mimi. Kuanzia miaka ya 1970, NAFCO, shirika la kilimo la serikali, kwa msaada wa Kanada lililima ngano katika mashamba saba makubwa: Basotu, Mulbadaw, Setchet na mengineyo. Trekta, mashine za kupandia, mashine za kuvunia. Ngano ilipatikana kwa wingi. Unga wake ulisagwa mbali na hapa, na wavunaji walikuwa wachache kwa sababu shamba lilibuniwa tangu mwanzo lisihitaji watu. Pale pale palikuwa na malisho ya Wabarabaig. Ufugaji ni kazi, ingawa hauna kitambulisho cha kazi wala NSSF, na malisho yalipolimwa kazi hiyo ilisukumwa pembeni bila kuandikwa popote kama ajira iliyopotea. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ikawapa ushindi, Mahakama ya Rufani ikaupindua mwaka 1985, ikisema kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile kisheria. Nawakumbusha hili kwa sababu mtu anayekuja kuomba ekari za kujengea kiwanda au za shamba la mfano atazungumza juu ya ajira, na ninyi itawapasa muulize hati za ardhi kwanza.

Basi turudi hapa kwetu. Vitunguu saumu vina sifa ambayo ngano ya Basotu haikuwa nayo. Mbegu huchambuliwa punje kwa punje, hupandwa punje kwa punje, hupaliliwa kwa mkono kwa sababu jembe likikosea linakata, humwagiliwa, hung'olewa, huanikwa, hukatwa majani na mizizi. Ekari moja ya saumu inawashughulisha watu wengi kuliko ekari kadhaa za ngano. Kwa zao hili vidole viko shambani kabla ya kufika kiwandani. Kiwandani, mambo yanaweza kuwa kinyume: kumenya kunafanywa na mashine ya upepo wa kompresa, kukausha ni tanuri, kusaga ni kinu, na kupakia ni mashine nyingine. Labda watu 30, labda 60. Kijana anayengoja kiwanda kije kimwajiri getini anaweza kungoja sana. Lakini kiwanda hicho kikinunua saumu ya hapa mwaka hadi mwaka kwa bei inayojulikana, ekari zitaongezeka na kazi zitazaliwa huku mabondeni.

Kikinunua ya hapa. Hapo ndipo penye mfupa. China peke yake huzalisha karibu robo tatu ya vitunguu saumu vyote duniani, na vyake vimekwisha kufika masokoni kwetu, vikubwa, vyeupe, rahisi kumenya. Mwenye kiwanda akiona kontena limetua Dar es Salaam kwa bei ya chini kuliko gunia lako, atafanya alichofanya mwenye neti: atatumia malighafi ya nje na vidole vya hapa. Anaweza hata kupanua kiwanda mwaka huohuo unaouza saumu yako kwa hasara. Takwimu za ajira za kiwandani zitapanda, redio itatangaza, na Bashay itakuwa imepoteza kazi. Kwa hiyo mtakapokaa na mwekezaji, au na aliyeko tayari anayetaka kupanua, ahadi ya kuajiri vijana 50 isiwalewesheni. Daini mkataba wa ununuzi wenye tani, miezi na bei ya chini kabisa, ulioandikwa kwa Kiswahili, uliosainiwa na ushirika na si na mtu mmoja mmoja.

Maji nayo. Ekari zikiongezeka, mifereji ni ileile. Wa juu watalima, wa chini watangoja. Sina muda wa kulieleza jambo hili leo, lakini lisemwe kabla ya mkataba, lisije likasemwa kwa mapanga.

Kwa wale watakaoingia getini, na watakuwepo, nina mambo ya sheria ambayo napenda vijana wayashike. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua mkataba usio na ukomo, mkataba wa kipindi maalumu, na mkataba wa kazi maalumu. Kumwita mtu kibarua wa siku, kila siku, kwa miaka mitatu mfululizo, kwenye cherehani ileile, ni desturi iliyoota mizizi viwandani, na sheria haikuipanda. Faida yake kwa mwajiri ni wazi: oda ikipungua, kibarua haambiwi ameachishwa, anaambiwa tu kesho usije. Mwajiriwa anayepunguzwa kwa sababu kazi imepungua anapaswa kupewa taarifa, sababu zielezwe, na mazungumzo yafanyike kabla. Aliyefikisha miezi 12 mfululizo ana haki ya kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka 10. Siku saba ni kidogo, lakini asiye na mkataba wala jina kwenye daftari la mahudhurio hana hata hizo.

Mshahara pia tuutazame kwa macho makavu. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka wakati huo kima cha chini cha shilingi 150,000 kwa mwezi kwa viwanda na biashara, na 140,000 kwa kilimo. Ukiigawa ile ya kwanza kwa siku 26 unapata kama 5,770 kwa siku. Toa kodi ya chumba mjini, toa nauli, toa sahani ya mama ntilie mchana. Binti wa hapa aliyekwenda Arusha kwa kima hicho cha chini alibaki na nini cha kutuma nyumbani? Wapo wanaosema afadhali hicho kuliko kukaa bure, na wana haki ya kusema hivyo. Mimi nasema tulinganishe na kile ambacho angepata hapa kama shamba la saumu la mama yake lingekuwa na mnunuzi wa uhakika, na tulinganishe bila kusahau kwamba kibarua wa shambani hana likizo ya uzazi wala bima, na kwamba wakati wa kung'oa tunawaita watoto wakose shule. Tukitaka kazi za mashambani ziitwe ajira, basi nasi wenye mashamba tunakuwa waajiri, na amri ya mishahara inatuhusu. Naona baadhi ya wazee wananitazama vibaya. Nitakaa nao baadaye.

Nimalizie na mizani, kwa maana nimeombwa niiguse. Mnajua lumbesa: gunia linalojazwa likavikwa kilemba juu, bei ikabaki ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wamelipigia kelele kwa miaka, na bado lipo, kwa sababu dalali ananunua kwa macho na mkulima anauza akiwa na haja ya fedha siku hiyo. Kiwanda hununua kwa kilo, na hilo ni jema kwetu. Lakini saumu mbichi si saumu kavu: ikianikwa inapungua uzito, na ikisafiri juani ndani ya lori inaendelea kupungua. Mkataba ukisema uzito utapimwa kiwandani, upungufu wa njiani ni hasara ya mkulima, na siku lori litakapokwama kwenye tope wakati wa masika, hasara hiyo itakuwa kubwa zaidi. Ukisema utapimwa hapa Bashay, baada ya kuanikwa kwa siku zilizokubaliwa, mbele ya mtu wa ushirika, upungufu wa njiani ni wa mnunuzi. Kifungu hicho kina mistari miwili tu kwenye karatasi. Katika maswali, ningependa tuanze na hicho, na ningependa waanze akina mama wanaokata na kuanika, maana wao wanajua gunia moja hupungua kiasi gani kwa wiki.